Sura ya Nne: Mvua Imenyesha, Mbona Shamba Limekauka?

Ukikaa na wakulima wa milima ya Upare, wawe wa Ngujini na Usangi upande wa Mwanga au wa Vudee na Chome upande wa Same, swali moja halikosi. Mvua ilinyesha, tena kubwa, mpaka njia zikakatika. Wiki tatu baadaye mahindi yamejikunja majani, mbelewele zinatoka kwa shida, na kila mtu anatazama mawingu. Mbona?

Majibu hutofautiana. Wapo wanaotaja mabadiliko ya tabianchi, wapo wanaoilaumu mbegu ya dukani, na wazee wengi husema shamba limechoka. Kila jibu lina ukweli ndani yake, lakini lipo moja linalopaswa kutangulia: maji yalipita tu. Yalifika shambani, yakachukua udongo, yakashuka nao bondeni.

Sura hii inahusu kilimo endelevu, yaani kulima kwa namna ambayo mjukuu atakayelirithi shamba atalikuta bado linazaa, huku chemchemi ikitoa maji na miti ikiwa imesimama. Katika nchi ya mteremko kama Upare, kazi hiyo huanza na kuyachelewesha maji yasishuke haraka. Nitajitahidi kuonyesha kwamba haiwezi kumalizika ndani ya mipaka ya shamba la mtu mmoja, hata awe hodari kiasi gani.

Nchi ya juu na nchi ya chini

Milima ya Upare imekaa kati ya Kilimanjaro na Usambara, na imegawanyika sehemu mbili. Upare Kusini uko Wilaya ya Same, na kilele chake ni Shengena, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Upare Kaskazini uko Wilaya ya Mwanga, iliyomegwa kutoka iliyokuwa Wilaya ya Pare mwaka 1979. Huko ndiko iliko kata ya Ngujini, na huko kilele cha Kindoroko kinapita mita 2,100. Juu kuna ukungu, migomba, kahawa na misitu ya hifadhi. Chini kuna mkonge, michongoma, mbuga ya Mkomazi, Ziwa Jipe na bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka juu hadi chini ni mwendo wa siku moja kwa miguu, lakini mvua ni tofauti kabisa. Kule tambarare Same hupata takribani milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, tena zimegawanyika katika misimu miwili: vuli, inayoanza karibu na Oktoba au Novemba, na masika ya Machi hadi Mei.

Milimita 250 au 300 kwa msimu zingeweza kumvusha mkulima wa mahindi ya muda mfupi kama zingekuja polepole. Lakini haziji hivyo. Sehemu kubwa hushuka katika siku chache za mvua kali, kisha jua linawaka wiki mbili au tatu mfululizo. Ukame huo wa katikati ya msimu ukiangukia wakati mahindi yanatoa mbelewele, punje hazijai, hata kama jumla ya mvua ya msimu inaonekana nzuri kwenye daftari la bwana shamba.

Hesabu ya mvua moja

Milimita moja ya mvua ikiangukia eneo la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ekari moja ina takribani mita za mraba 4,047. Kwa hiyo mvua ya milimita 30, ambayo ni mvua ya alasiri moja tu, humwaga kwenye ekari hiyo zaidi ya lita 120,000. Hayo ni mapipa 600 ya lita 200.

Hakuna mkulima wa Ngujini anayeweza kubeba mapipa 600 kupandisha mlimani. Mbingu imeyaleta bure. Kwenye shamba lililo wazi, lililolimwa kufuata mteremko, lenye udongo uliogandamana juu kwa kupigwa na matone, sehemu kubwa ya mapipa hayo huondoka ndani ya saa moja. Na hayaondoki matupu. Yanachukua kwanza ule udongo mweusi wa juu, wenye samadi na majani yaliyooza, maana ndio mwepesi na ndio ulio karibu.

Kwa hiyo mkulima anapolalamika kwamba shamba limechoka na mwenzake akalalamika kwamba mvua haitoshi, mara nyingi wote wawili wanasimulia habari moja. Maji yaliyokimbia ndiyo yaliyochukua rutuba, na udongo uliobaki bila rutuba hauwezi kuyashika maji ya mvua inayofuata. Kila msimu unauharibu msimu wa mbele yake.

*Kwa kifupi: kabla ya kuuliza mvua imeleta kiasi gani, uliza shamba limebakiza kiasi gani.*

Mtaro mmoja unaweza nini

Njia inayojulikana zaidi ya kuyasimamisha maji kwenye mteremko ni makinga maji ya aina ya fanya juu. Yalienea sana Ukambani nchini Kenya, hasa kuanzia miaka ya 1970, na jina lake lilitoka hukohuko likiwa la Kiswahili: unachimba mtaro kukatiza mteremko, na udongo unautupa upande wa juu ili ufanye tuta. Maji yanayoshuka yanakuta tuta, yanatua, yanaacha udongo nyuma ya tuta, na baada ya miaka kadhaa kipande kati ya tuta na tuta hujisawazisha chenyewe. Ukiutupa udongo upande wa chini, hiyo ni fanya chini. Ni rahisi kuchimba, lakini haisawazishi shamba kama mwenzake.

Mtaro ni lazima ufuate mstari wa usawa, yaani mstari ambao kila nukta yake iko kwenye kimo kimoja. Ukikosea, maji yataukimbilia upande ulioinama na kuubomoa. Kipimo chake hakihitaji fundi kutoka mjini:

- Funga miti miwili yenye urefu sawa kwa juu, na mti wa tatu uikatize katikati, ipatikane umbo la herufi A.
- Ning'iniza jiwe kwa uzi kutoka kileleni.
- Simamisha fremu, weka alama pale uzi unapogusa mti wa katikati. Kisha ugeuze miguu, ibadilishane nafasi, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa.
- Tembea nayo kukatiza shamba, mguu kwa mguu, uzi ukikaa katikati, huku mwenzako akipigilia vigingi.

Sasa turudi kwenye hesabu. Mtaro wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60 hubeba lita 360 kwa kila mita moja ya urefu wake. Kama mtaro hadi mtaro ni mita 10, mvua yetu ya milimita 30 itaushushia lita 300 kwa kila mita, hata tukichukulia kwamba hakuna tone lililonywewa na udongo njiani. Zinaingia zote, nafasi inabaki.

Ila hesabu hiyo ina sharti lake: maji yawe ya shamba lako peke yako. Jirani wa juu akiwa hajachimba chochote, kipande chake cha mita 10 tu kitakushushia lita 300 nyingine, na mtaro wa lita 360 umeletewa 600. Unafurika. Tuta linakatika mahali pamoja, na maji yote yaliyokuwa yametulia yanapita kwenye ufa huo kwa nguvu kuliko kama usingechimba. Hapo ndipo mkulima anaposema makinga maji hayafai, na kwa alichokiona ana haki ya kusema hivyo.

Ndiyo maana ningemshauri mtu yeyote anayetaka kuanzisha kazi hii kijijini aanzie juu ya mteremko na kushuka, akiwa na wenye mashamba wote wa mstari ule. Kuchagua mkulima mmoja wa mfano mwenye shamba katikati ya kilima, apigwe picha na wageni, ni kumtafutia hasara. Kama jirani wa juu amekataa au yuko mjini, chimba kwanza mtaro wa kuzuia kwenye mpaka, mkubwa kuliko mingine, wenye njia salama ya kutolea maji pembeni.

Tuta likishasimama, lishikwe na mizizi. Majani ya tembo na guatemala hushika udongo na hulisha ng'ombe wa zizini, na katika milima ambako ng'ombe wengi hukatiwa majani hiyo ni faida inayoonekana mapema kuliko mahindi. Mbaazi nazo hufaa kwenye ukingo.

Ndiva: maji ya usiku

Wapare hawakungoja mradi wowote kuja kuwafundisha kusimamisha maji. Tangu kale, kabla ya wakoloni, walikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa mlimani, karibu na kijito au mfereji, ukuta wake ukiwa wa udongo wa mfinyanzi na mawe, lenye tundu la kutolea maji na kizibo chake.

Anayeliona kwa mara ya kwanza hudhani ni akiba ya kiangazi. Sivyo. Ndiva nyingi hujaa na kumwagwa kila siku. Kijito cha mlimani huwa chembamba. Ukiyaelekeza maji yake moja kwa moja kwenye mfereji wa udongo wa kilomita moja au mbili, yatanywewa njiani na shamba halitapata kitu. Lakini ukiyakusanya usiku kucha wakati watu wamelala, asubuhi ukafungua kizibo, yanatoka kwa wingi na nguvu, yanaushinda mfereji, yanafika. Nguvu ya ndiva imo katika kuyaachia maji yote kwa pamoja, kwa saa chache, kwenye shamba la mtu mmoja au wawili wenye zamu.

Ndiva hutofautiana ukubwa, kutoka mita za ujazo mia kadhaa hadi zaidi ya elfu moja. Chukua ndiva ya mita za ujazo 500. Hizo ni lita 500,000. Zingefika zote shambani, zingelipa eneo la ekari nne maji sawa na ile mvua yetu ya milimita 30. Njiani nyingi zitapotea, kwa hiyo tuseme ekari mbili. Ekari mbili kwa siku, katika ile wiki ya mbelewele, ni tofauti kati ya gunia na mabua matupu. Hii ndiyo kazi hasa ya ndiva: kuwavusha watu ukame mfupi wa katikati ya msimu. Kulima kiangazi kizima kwa maji yake ni kuitwika mzigo isioweza.

Zamani kila ndiva ilikuwa ya ukoo, na mkubwa wa ukoo ndiye aliyepanga zamu. Siku hizi nyingi zina kamati yenye mwenyekiti, katibu na mgawa maji. Kinachozishikilia ni msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo kila kaya hutoa mtu wa kuifanya, na asiyetoa hulipa faini au hukosa zamu. Kwenye msaragambo watu huzoa tope la ndiva, husafisha mfereji na kuziba nyufa.

Hilo tope ni udongo wa shamba la mtu. Kila toroli linalozolewa limeshuka kutoka kwenye mteremko ambao haukukingwa. Kama mashamba ya juu yangekuwa na makinga maji, ndiva ingejaa maji badala ya udongo, na msaragambo ungekuwa mwepesi. Mara nyingi mtaalamu wa umwagiliaji huja kijijini siku yake na mtaalamu wa hifadhi ya udongo siku nyingine, ingawa mlima wanaoutazama ni mmoja.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, mpango wa kuboresha umwagiliaji wa asili uliojulikana kwa kifupi TIP, ukisaidiwa na Waholanzi, ulifanya kazi na wakulima wa Same na Mwanga. Ndiva kadhaa zilipanuliwa na kujengewa kwa saruji, zikaacha kuvuja. Faida yake ilionekana. Lakini ukuta wa udongo ukipasuka, wanakijiji wanauziba kwa jembe. Wa saruji ukipasuka, wanahitaji fedha na fundi. Kamati isiyo na mfuko itabaki na ndiva nzuri isiyoshika maji. Ningependa kila mradi wa saruji uanze na daftari la michango linalofanya kazi kwa angalau misimu miwili, ndipo mfuko wa kwanza wa saruji ununuliwe.

*Kwa kifupi: makinga maji huihifadhi mvua ndani ya udongo, ndiva hukusanya maji ya kijito kwa ajili ya siku za jua. Cha kwanza kikikosekana, cha pili hujaa tope.*

Miti ya juu

Juu ya mashamba kuna misitu, na baadhi yake ilihifadhiwa na mila muda mrefu kabla ya serikali. Mpungi ni msitu mtakatifu wa ukoo, mahali pa matambiko. Mshitu ni msitu ambako vijana walipelekwa kufundwa jando. Haikuruhusiwa kukata mti humo ovyo. Mingi ni midogo, na mingine imeliwa pembeni na mashamba kadiri mila zilivyolegea, lakini iliyobaki imesaidia kuhifadhi vyanzo vya maji na miti ya asili ambayo huipati tena mashambani.

Sheria za nchi nazo zinakataza shughuli za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Katika mteremko ambao familia ina ekari moja tu, mita 60 zinaweza kumeza shamba lote. Kumfukuza mtu huyo bila kumpa njia mbadala ni kumwomba arudi usiku. Njia inayozaa matunda ni kumruhusu apande kitu kisichohitaji jembe kila msimu: majani ya mifugo, migomba yenye kivuli, mizinga ya nyuki. Mikaratusi iondoke karibu na chemchemi, maana hunywa maji mengi. Mikuyu na miti mingine ya asili ibaki.

Na udongo wenyewe?

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa sura ijayo yote ni ya mboji na samadi. Vitabu vingi husema: acha mabua shambani yawe matandazo, yaani yafunike udongo. Ni kweli, matandazo hupunguza makali ya matone na hubakiza unyevu. Lakini Upareni mabua ni chakula cha ng'ombe, na ng'ombe ni maziwa, ada na samadi. Kumwambia mama mwenye ng'ombe mmoja zizini aache mabua yaoze ni kutomjua. Afadhali mabua yaende zizini, samadi irudi shambani yote, na udongo ufunikwe na mmea ulio hai: fiwi, maboga au kunde katikati ya mahindi. Fiwi hustahimili ukame, hutandaa baada ya mahindi kukomaa, na mizizi yake, kama ya jamii yote ya kunde, hushirikiana na vijidudu vinavyochukua naitrojeni hewani. Naitrojeni ndiyo ile inayoyafanya majani kuwa ya kijani, na ndiyo inayonunuliwa ndani ya mfuko wa urea.

Kwa nini watu hugoma

Kama mambo haya ni mazuri, mbona hayafanywi kila mahali? Sababu ya kwanza ni kumbukumbu. Wakoloni walilazimisha hifadhi ya udongo kwa faini na amri. Uluguru, watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi ambayo yalifukua udongo mbaya na kufukia mzuri. Mwaka 1955 kukatokea ghasia na damu ikamwagika, na mpango ukavunjika. Wapare nao walikwisha kuonyesha miaka ya 1940, walipoandamana hadi Same kupinga kodi ya mbiru, kwamba hawasukumwi. Mtu aliyerithi habari hizo hatashika jembe kwa sababu ofisa amesema.

Sababu ya pili ni nguvu kazi. Vijana wako Moshi, Arusha na Dar es Salaam. Waliobaki ni wazee na akina mama, na mtaro wa sentimita 60 kwenda chini si mchezo. Kikundi cha kaya kumi kinachochimba shamba moja kwa siku, kwa zamu, hufanya ambacho mzee mmoja hakiwezi.

Ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi: ardhi ya kukodi. Makinga maji hulipa baada ya misimu kadhaa. Anayelima kwa kukodi msimu mmoja hatamchimbia mwenye shamba. Makubaliano ya miaka mitano, yaliyoandikwa mbele ya serikali ya kijiji, yangefanya zaidi kuliko semina nyingi.

Maji yakivuka kijiji

Tumesema jirani wa juu ni lazima awemo. Je, jirani wa jirani?

Bonde la Makanya, Same, linajibu vizuri kuliko nadharia yoyote. Juu liko Vudee, katikati Bangalala, na chini kabisa Makanya, kando ya barabara kuu ya Moshi na Dar es Salaam. Wakulima wa juu na wa katikati wamekuwa na mapatano ya siku nyingi: wa juu wanamwagilia mchana, na usiku wanayaacha maji yashuke yakajaze ndiva za wa katikati. Hakuna askari anayelinda mapatano hayo. Yanashikwa na undugu, ndoa, masoko na kufahamiana. Anayeziba kijito usiku anajua atakutana na nani mnadani.

Makanya haimo katika mapatano hayo. Siku hizi mto huifikia wakati wa mafuriko tu, na wakulima wake huyaelekeza mafuriko hayo mashambani, wakipata maji na udongo wa milimani kwa pamoja. Hapa pana jambo gumu ambalo mpenzi wa kilimo endelevu hana budi kulitazama: kila tuta linalojengwa Vudee na kila ndiva inayopanuliwa Bangalala inaweza kupunguza mafuriko yanayomlisha mtu wa Makanya. Kilicho hasara juu ndicho riziki chini.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka mtu anayechepusha au kuhifadhi maji ya mto awe na kibali, na kwa milima hii kibali hutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoko Moshi. Sheria hiyohiyo inatambua jumuiya za watumia maji, ambazo zinaweza kuwaweka pamoja watu wa mto mmoja hata kama vijiji vyao ni tofauti. Kamati nyingi za ndiva huiona jumuiya kama njia ya kupata kibali na kuepuka usumbufu. Mimi naiona kama nafasi ya kupanua yale mapatano ya mchana na usiku hadi kule ambako undugu haufiki. Wakulima wa Makanya wakipewa viti ndani yake, wanaweza kudai jambo dogo linalotekelezeka: kwamba mvua kubwa za kwanza za vuli, wakati mitaro ya juu imejaa na ndiva hazina nafasi, mabanio yafunguliwe na maji yaachwe yashuke, na kwamba wapewe taarifa kwa simu kabla hayajafika, ili wawahi kufungua mifereji yao.